Toyota Chaser ya usukani wa kulia Houston: soma hapa kabla hujatuma hela Japani

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Kaka habari. Mimi Mtanzania, nimekulia Mwanza, saivi nipo Houston mwaka wa tano. Chaser GX100 nimeitamani tangu niko sekondari na sasa hela ninayo, naziona kwenye minada ya Japani kila siku. Kwanza, polisi hawatanisumbua? Maana huku tunaendesha kulia na hiyo gari usukani nao uko kulia. Pili, nina RAV4 yangu ya 2008 iko Dar kwa mdogo wangu, kwanini nisiilete hiyo hiyo tu? Tatu, mke wangu anasema gari ya hivyo kwenye haiwei ni hatari, nimjibuje?"

Asante kaka kwa kuuliza kabla ya kulipa, wengi huwa wananitafuta gari ikiwa tayari imekwama bandarini na kila siku inayopita inadaiwa hela ya kulazwa pale.

Naanza na la polisi maana ndo jepesi. Marekani haina sheria inayokataza usukani wa kulia. Kesho asubuhi mtu wa posta akipita mtaani kwenu iangalie gari yake, zile nyeupe za boksi zinaitwa Grumman LLV, zilitengenezwa kuanzia 1987 mpaka 1994 na zote usukani uko kulia ili dereva atie barua kwenye boksi bila kushuka. Na wapeleka barua wa vijijini wengi wanatumia gari zao binafsi, ndo maana Jeep wamekuwa wakitengeneza Wrangler ya usukani wa kulia hapahapa Marekani. Kwahiyo askari wa Texas akikusimamisha atakuwa anataka kupiga stori kuhusu gari, au umezidisha spidi, basi.

Kitu kinachoamua kama gari itaingia au haiingii ni umri. Huko miaka ya 80 watu walikuwa wanaleta sana gari za Ulaya kwa mlango wa pembeni, Mercedes na BMW ambazo hazikutengenezwa kwa viwango vya Marekani, wauzaji rasmi wakalalamika na mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria ya kubana. Tangu hapo gari ambayo haikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya hapa hairuhusiwi kuingia mpaka itimize miaka 25. Wanaosimamia hilo ni NHTSA, idara ya usalama barabarani. Alafu kuna EPA, hao ni watu wa mazingira, wao wanataka miaka 21 na gari iwe na injini yake ya asili au inayofanana nayo. Hapo kwenye injini kuwa makini sana, Chaser nyingi minadani zimeshapita mikononi mwa vijana wa drifti, injini imeng'olewa imewekwa nyingine, na ikiwa waliyoweka ni ya kisasa zaidi umri wa bodi hautakusaidia kwa EPA.

Miaka 25 inahesabiwa mwezi kwa mwezi kuanzia gari ilipotoka kiwandani, sio mwaka wa modeli kama wauzaji wa huku wanavyotaja. Chaser iliyotengenezwa mwezi wa sita 2001 inaruhusiwa kuanzia mwezi wa sita 2026, ikifika bandarini mwezi wa nne imewahi na hapo una matatizo. Sasa shida ni kwamba gari za Japani mara nyingi hazina kibandiko cha kuonyesha mwezi wa kutengenezwa, unakuta chesisi namba tu ya mtindo wao, GX100 alafu tarakimu saba. NHTSA wanakubali karatasi inayoonyesha gari ilisajiliwa au kuuzwa mara ya kwanza miaka 25 iliyopita au zaidi, kwahiyo ile hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje ndo mkombozi wako, inaandikwa tarehe ya usajili wa kwanza. Hiyo hati usikubali kuletewa picha yake tu, taka ya asili pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, bila hiyo hata jimbo halitakupa umiliki. Chaser hii yako ilitengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001, kwahiyo ya 1997 au 1999 wala usiumize kichwa, umri imeshamaliza.

Sasa RAV4. Kaka hiyo achana nayo. Ya 2008 mpaka 2033 ndo itimize 25. Najua unachofikiria, kwamba RAV4 zipo kibao hapa, ni gari ileile, tatizo nini? Tatizo ni kwamba ya kwako haikupewa cheti kiwandani kuwa inafuata viwango vya Marekani, ule mkanda, bampa, taa, vioo, vyote vilitengenezwa kwa soko lingine hata kama kwa macho zinafanana. Kuna njia ya kupitia kampuni zenye leseni ya kuzibadilisha gari na kuzithibitisha, lakini inahitaji aina hiyo ya gari iwe imekubaliwa na NHTSA kwanza na gharama yake itanunua RAV4 nyingine mbili za hapahapa. Ukiileta bila hiyo njia forodha wana haki ya kuizuia, wakakwambia uirudishe ilikotoka kwa gharama zako au iharibiwe kabisa. Mwachie mdogo wako aendelee nayo, au iuzeni hukohuko Dar ambako RAV4 ina bei.

Na hapa niseme jambo ambalo Watanzania na Wakenya wengi huku hawalijui na linawagharimu: gari nyingi tulizozoea nyumbani ziko Marekani tayari, usukani kushoto, spea zipo, bima bei ya kawaida, ila zimebadilishwa jina. IST ileile ya kwetu iliuzwa huku kama Scion xA mwaka 2004 mpaka 2006. Toyota bB ikaitwa Scion xB, na Rumion ndo Scion xB ya kizazi cha pili. Altezza ni Lexus IS, Harrier ya zamani ni Lexus RX 300, Prado ya kuanzia 2003 ni ndugu kabisa wa Lexus GX 470, Kluger ni Highlander. Kwahiyo kama mtu kiu yake ni Altezza, IS 300 ya 2001 mpaka 2005 ina injini ya 2JZ ya lita 3 ambayo hata Altezza ya kawaida ya Japani haina, na unaikuta kwa mtu mtaani unakagua kwa mkono wako. Ningekuwa nakushauri mdogo wangu wa damu ningeanzia hapo.

Lakini wewe umesema Chaser, na Chaser, Mark II ya GX100, Cresta, Noah, Hiace, Carina Ti, hizo kweli hazikuuzwa huku. Hizo ukizitaka lazima uagize au ununue iliyoshaagizwa. Nakuelewa pia, ile gari ndo imetulea, mtu ukikaa nyuma ya ule usukani unasikia nyumbani, sio jambo la kubeza.

Baada ya serikali kuu kuna jimbo, na watu wengi wanasahau kuwa hawa ni watu wawili tofauti. Forodha kukuachia gari haina maana jimbo litakupa plet namba. Bahati yako uko Texas. Mwenye ndugu California aelewe kuwa kule kuna mamlaka yao ya hewa, CARB, na gari ya mwaka 1976 kuja mbele ambayo haikutengenezwa kwa viwango vyao lazima ipelekwe maabara maalumu ipimwe na kurekebishwa, ni hela nyingi sana, wengi wanaishia kuiuza jimbo lingine kwa hasara. Kwa wale wa Kirikuu, yani Suzuki Carry na wenzake wadogo wa cc 660, Maine na Rhode Island waliwahi kuwafutia watu usajili wakati gari zimeshalipiwa kila kitu, na hata Texas kulikuwa na mvutano mpaka 2024 ndo wakafungua mlango. Georgia nao wamepitisha sheria ya kuziruhusu 2025. Chaser ni gari ya ukubwa wa kawaida kwahiyo haiguswi na huo mgogoro, ila kanuni ni ileile: unauliza jimbo kwanza.

Kwa Texas kuna unafuu mwingine. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa gari binafsi umefutwa. Kipimo cha moshi bado kipo kwenye kaunti kubwa ikiwemo Harris ulipo wewe, lakini kinahusu gari zenye umri wa miaka 2 mpaka 24, na yako itakuwa imepita hapo. Kuna plet namba za gari za kale unaweza kuomba zikiwa na miaka 25, zinavutia kwa bei, ila zina masharti, ni za maonyesho, gwaride na shughuli za klabu. Kama unataka kuendea kazini au kanisani chukua namba za kawaida.

Twende kwenye hela. Ushuru wa kawaida wa gari ndogo ni asilimia 2.5 ya bei. Gari ya mzigo ni asilimia 25, na hiyo inatokana na ugomvi wa kuku wa miaka ya 60, Ulaya waliwawekea ushuru kuku wa Marekani, Rais Johnson akajibu kwa kuweka ushuru kwenye pikapu, kuku wakasahaulika ushuru ukabaki mpaka leo, kwahiyo wa Kirikuu anaanzia hapo. Mwaka 2025 ukaja ushuru mpya wa asilimia 25 juu ya gari zote zinazotoka nje, ila waliziacha zenye miaka 25 na kuendelea. Ushuru mwingine wa bidhaa za Japani umekuwa ukipanda na kushuka tangu hapo, kwahiyo wiki ya kununua mwambie wakala wako wa forodha akuandikie hesabu kwa imeili, usitumie hesabu ya rafiki aliyeleta mwaka juzi.

Mfano tu kwa ushuru wa kawaida: umenunua Chaser kwa dola 12,000. Asilimia 2.5 ni dola 300. Ada ya kushughulikia mzigo ni asilimia 0.3464, kama dola 41 na senti. Ada ya bandari asilimia 0.125, dola 15. Hapo haijafika hata dola 360. Texas wao wanataka kodi ya asilimia 6.25, ambayo ni dola 750. Unaona kwamba serikali sio inayokula hela yako. Hela inaliwa na komisheni ya mnunuzi wako wa Japani, usafiri wa kutoka mnadani mpaka bandarini, nauli ya meli, wakala, dhamana ya forodha, na kile cha kushusha. Hivyo vyote omba vitajwe kimoja kimoja kabla, maana kuna wanaokupa bei ya kuvutia ya gari alafu wanafidia kwenye nauli.

Mnadani gari inakuja na karatasi ya ukaguzi yenye gredi. Gari ya umri huu ikiwa 4 ni nzuri, 3.5 inafaa ukisoma maelezo, R au RA imeshagongwa ikatengenezwa. Mimi namba ya gredi naiangalia mwisho. Cha kwanza ni mchoro wa bodi na kile kimaandishi cha Kijapani kinachoandikwa kwa mkono pembeni, lipa mtu akutafsirie, hapo ndo wanaandika kutu ya chini, gia inayogonga, oili inayovuja. Gari iliyoishi kaskazini kwenye theluji, Hokkaido na mikoa ya jirani, inaweza kuwa na sura ya harusi juu na chesisi inayomeguka chini kwa sababu ya chumvi ya barabarani. Taka picha za uvunguni kabla ya kuweka bei, muuzaji akigoma hama.

Meli kuna aina mbili, ile gari inaendeshwa inaingia yenyewe na ile ya kontena. Galveston wanapokea hizo za kuendesha na ni kama maili 50 tu kutoka Houston, kwahiyo waulize wasafirishaji kama wana meli inayofika pale. Kuna taarifa ya usalama inaitwa ISF, kwa kontena lazima iwasilishwe saa 24 kabla halijapakiwa Japani, ukichelewa faini inaweza kufika dola 5,000, na hii ndo inawakamata wanaojifanyia wenyewe bila wakala. Gari ioshwe mpaka chini, udongo wowote forodha wataizuia kwa ajili ya wadudu na magonjwa ya mimea. Fomu zenyewe hazitishi: HS-7 ya NHTSA, 3520-1 ya EPA, na 7501 ya forodha. Ile 7501 ikishapitishwa itunze kama hati ya kiwanja, kila mtu atakayeinunua gari hiyo huko mbele ataiulizia.

Kama haya yote yanakuchosha kuna njia fupi, nunua Chaser ambayo imeshaingia na ina umiliki wa Texas kwa jina la muuzaji. Utalipa zaidi ila unaiona, unaiwasha ikiwa baridi, unalala chini unaiangalia. Masharti ni mawili tu, akuonyeshe 7501 na HS-7, na umiliki uwe wa jimbo lenu hasa. Akikwambia ana hati ya mauziano tu na "DMV watakupa", yani ofisi ya magari ya jimbo, ondoka.

Sasa la mke wako, na hapa nakaa kidogo maana shemeji ana hoja na usimjibu haraka. Kule British Columbia, Canada, ambako gari za Japani zinaruhusiwa zikiwa na miaka 15, shirika la bima la jimbo lilichunguza rekodi likakuta madereva wa usukani wa kulia wanasababisha ajali zaidi kwa kama asilimia 40 wakilinganishwa na wa usukani wa kushoto. Hiyo sio kidogo. Chanzo chake ni macho yako yanapokaa.

Fikiria uko barabara ya njia mbili kule nje ya mji, zile za mashambani, mbele kuna lori. Kwenye gari ya kawaida ya huku macho yako yako karibu na mstari wa kati, unasogea kidogo tu kushoto unaona kama njia iko wazi. Kwenye Chaser macho yako yako upande wa majani. Ili uone inabidi gari karibu yote itoke iende upande wa wanaokuja, yani unaangalia ukiwa tayari uko hatarini. Dawa yake ni moja, kaa mbali na lori, mbali kweli, umbali ukiwa mkubwa pembe ya kuona inafunguka, na kama hauoni hauovateki, unasubiri mpaka ipatikane njia ya ziada. Ukiwa na abiria mzoefu anaweza kukwambia "njia nyeupe" lakini uamuzi wa kutoka usimwachie, yeye hajui gari yako inavuta kiasi gani, na GX100 ya injini ya 1G-FE yenye cc 2,000 na watu wanne ndani haina haraka ya kuovateki lori refu la Texas.

La pili hatari zaidi mjini ni kukata kushoto. Umesimama katikati ya makutano kwenye njia ya kukata kushoto, taa ni ya kijani ya kawaida au ile mshale wa njano unaowaka na kuzima, mbele yako kuna F-150 nayo inasubiri kukata kushoto kwake. Magari yanayokuja moja kwa moja yako nyuma yake upande wako wa kushoto. Dereva aliyekaa kushoto anachungulia anaona, wewe uliyekaa kulia ile pikapu imeziba yote. Hapo usibahatishe hata mara moja, subiri mshale wa kijani au ile pikapu ikishaondoka, wanaopiga honi nyuma waache wapige. Mimi nawaambia watu wapange safari zao kwa kukata kulia pale inapowezekana hata kama inaongeza dakika.

La tatu ni kuingia haiwei. Njia nyingi za kuingilia zinakuunganisha na magari yaliyoko kushoto kwako, kwahiyo unatakiwa kutazama nyuma kushoto kuvuka gari nzima, siti ya abiria, kichwa cha shemeji, na nguzo ya mlango wa nyuma. Saiti mira ya kushoto peke yake haitoshi, bandika kile kioo kidogo cha mviringo juu yake, kinauzwa dola chache, na ukiweza weka kamera ya pembeni. Ishu nyingine ni kuyumba kwenye njia. Umeshaendesha usukani wa kushoto miaka mitano, mwili umezoea kukaa karibu na mstari wa kushoto, ukihamia kulia bila kujijua utaisogeza gari kushoto mpaka tairi zinapanda mstari. Mwanzoni jikumbushe kuangalia mstari wa kulia kwenye saiti mira ya kulia, wiki chache inakaa sawa.

Na kuna mazuri, tusiseme mabaya tu, kupaki pembeni ya barabara ni raha, unashuka upande wa watembea kwa miguu, mlango haufungui kwenye magari. Na kona ya kushoto unaona mbali kuliko wenzako. Ila kama siku moja utafikiria Hiace kwa ajili ya familia, kumbuka mlango wa kusukuma wa Hiace za Japani uko kushoto. Nyumbani huo mlango unafungukia pembeni, salama. Huku unafungukia katikati ya barabara. Wenzetu wa Bujumbura wanaoendesha kulia lakini wanatumia gari zinazopitia Dar wanaishi na hilo jambo kila siku, mtoto anashuka anakutana na gari inayopita. Kwa gari ya watoto mimi sishauri kabisa.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni taa. Taa za Japani zimetengenezwa ukipunguza mwanga unapanda upande wa kushoto, kumulika majani na watembea kwa miguu wa kule. Huku kushoto ndo wanapokuja wenzako, kwahiyo unawapiga machoni hata ukiwa umepunguza, na upande wa kulia anapotembea mtu au kulungu kunabaki giza. Kwa gari zilizowahi kuuzwa na usukani wa kushoto unanunua taa za nchi hizo unabadilisha, kazi imeisha. Chaser haikuuzwa hivyo, kwahiyo mafundi wanaweka ndani ya taa ileile projekta za mwanga wa upande wa kulia. Kushusha taa chini ni suluhisho la muda tu maana unapoteza umbali. Hela ya taa iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza na usiku usiiendeshe mpaka zibadilishwe.

Madogo madogo nayapitia haraka. Redio ya gari za Japani za miaka hiyo inaishia FM 90, hapa stesheni zinaanzia 88 kwenda 108, utahitaji kile kifaa cha kuongeza masafa tulichokuwa tunafunga Dar, au weka redio mpya. Spidi ni ya kilomita, maili 60 ni kama kilomita 97, maili 75 ni kama 120, bandika alama. Mafuta ya oktani 87 ya hapa yanatosha kwa 1G kwa sababu huku wanapima kwa namna nyingine, ile 87 inalingana na kama 91 ya Japani ambako kawaida yao ni karibu 90. Ukienda kwenye Chaser Tourer V, ile yenye injini ya turbo ya 1JZ, weka 93 tu. Kulipia dirishani kwa chakula inabidi uwe na abiria au ushuke, na barabara za kulipia weka EZ Tag.

Bima piga simu kabla ya kununua. Kampuni nyingi kubwa mfumo wao unataka chesisi ya tarakimu 17 na yako haina, kompyuta inagoma na mtu wa simu hajui afanyeje. Kampuni za gari za kale kama Hagerty zinazielewa na mnakubaliana thamani ya gari tangu mwanzo, ila huwa wanataka uwe na gari nyingine ya kila siku. Na hilo ndo msimamo wangu hata kama bima isingelidai: Chaser isiwe gari pekee ya nyumba. Siku alternata ikifa Houston hakuna duka litakuwa nayo, 1G-FE haijawahi kuuzwa Marekani. Hapo ndo utafurahi una ndugu nyumbani, maana Gerezani pale Kariakoo spea ya GX100 mtu anaipata mchana mmoja, anaitia kwenye begi la msafiri. Bushi, plagi, pampu ya maji, sensa, taimingi belti na tensheni yake, agiza seti mbili kabisa gari ikiwa bado majini, na belti ibadilishe ikifika hata muuzaji akisema ilibadilishwa.

Kwa mpangilio, usianze na mnada. Chukua chesisi namba na picha ya hati ya Japani ya gari yoyote unayoifikiria, nenda ofisi ya kodi ya kaunti ya Harris ambako ndo usajili unafanyika, waulize wanataka karatasi gani kwa gari iliyotoka nje ya nchi isiyo na tarakimu 17 na kama wanataka askari aikague namba kwanza, waombe wakuandikie. Alafu bima, alafu wakala wa forodha, alafu ndo utume hela. Na shemeji mtafutie kwanza mtu wa Houston mwenye gari ya usukani wa kulia, wapo wengi tu kwenye mikusanyiko ya gari za Kijapani wikiendi, mkae ndani wote wawili mkajaribu kwenye uwanja mtupu asubuhi, yeye akae kwenye siti ya kushoto isiyo na usukani aone gari zinavyompitia. Akishuka bado hataki, basi nunueni IS 300.